Mwanga Uliorudi Nyuma: Miaka Hamsini ya Kuiga Leza na Plazima

Septemba 1972, jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya watu wanne wa maabara ya Livermore, California: John Nuckolls, Lowell Wood, Albert Thiessen na George Zimmerman. Walichosema kilikuwa kizito. Chukua tone dogo la hidrojeni nzito, lipige kwa leza kutoka pande zote, ligandamizwe mpaka liwe zito mara elfu kumi kuliko hidrojeni ya majimaji, na viini vya atomu vitaungana na kutoa nishati kama vinavyofanya ndani ya jua. Na leza yenyewe haikuhitaji kuwa kubwa ajabu. Walikadiria kwamba karibu kilojuli 1 ingetosha kurudisha nishati sawa na iliyoingia.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara hiyo hiyo ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kupata zaidi ya ilichoweka. Leza ilipeleka megajuli 2.05, zikatoka megajuli 3.15. Kwa hesabu ya haraka, iliyohitajika ilikuwa mara elfu mbili ya ile ya 1972.

Mimi ni mwandishi wa programu, si mwanafizikia. Nikiona makadirio yamepitwa mara elfu mbili, swali langu la kwanza ni hili: programu iliyotoa ile namba ya kwanza iliacha nini nje? Sababu hazikuwa moja, na nyingine tutazigusa njiani. Lakini kuna moja inayotuhusu sana sisi watu wa msimbo, nayo ndiyo nataka tuifuate leo.

Programu iliitwa LASNEX, na mwandishi wake mkuu alikuwa huyo Zimmerman. Iliendeshwa kwenye CDC 7600, mashine iliyobuniwa na Seymour Cray na kutoka 1969. Simu uliyo nayo mfukoni inaizidi mbali sana. Kwa uwezo huo mdogo LASNEX ilifanya maajabu. Iligawanya kidonge cha mafuta na kila kilichokizunguka katika vyumba vya gridi, ikafuata joto, shinikizo, eksirei na mwendo wa kila kipande. Lakini kwake plazima ilikuwa majimaji, kitu kinachotiririka kama mto, na mwanga wa leza ulikuwa mistari. Mstari unaingia, unapinda kidogo, unamezwa, unageuka joto. Kazi kwisha.

Sasa shida. Leza haikipigi kidonge chenyewe. Sehemu ya kwanza kabisa ya mwanga inazivunja atomu za juu na kuzifanya plazima, yaani supu ya elektroni na ioni zilizoachana, na mwanga wote unaofuata lazima upite ndani ya supu hiyo. Na plazima ina mawimbi yake. Elektroni zikisukumwa upande mmoja, ioni zinazivuta zirudi, zinapitiliza, zinavutwa tena. Fikiria mwale wa leza unakutana na wimbi la namna hiyo, dogo tu, hafifu kama mnong'ono. Wimbi linarudisha nyuma mwanga kidogo. Mwanga unaorudi unachanganyika na ule unaoingia, na mchanganyiko wao unazisukuma elektroni kwa mdundo uleule wa wimbi. Wimbi linakua. Likikua, linarudisha mwanga mwingi zaidi, na mwanga huo unazidi kulikuza.

Umewahi kuwa kwenye harambee mtu akasogeza maikrofoni mbele ya spika? Ule mlio unaowafanya watu wazibe masikio ndio huu huu, ila hapa unapanda hadi juu katika sehemu ya sekunde ambayo hata kuitamka ni taabu.

Mlio ukipitia mawimbi ya elektroni huitwa mtawanyiko wa Raman, kwa heshima ya C. V. Raman wa India, aliyeona jambo la ukoo huo katika molekuli mwaka 1928. Ukipitia mawimbi ya ioni, ambayo ni kama sauti ndani ya plazima, unaitwa wa Brillouin, kwa jina la Mfaransa Léon Brillouin. Wa tatu hutokea mahali plazima inapofikia robo ya ule msongamano unaouzuia mwanga kabisa: hapo mwanga unaweza kugawanyika na kuzaa mawimbi mawili ya elektroni kwa mpigo mmoja.

Hasara ya kwanza ni mwanga uliopotea. Hiyo unaweza kuifidia kwa kununua leza kubwa zaidi. Hasara ya pili hainunuliki. Elektroni chache zinalipanda wimbi kama ngalawa inayosukumwa na wimbi kuelekea ufukoni, zinatoka na kasi kubwa mno, zinapenya hadi katikati ya mafuta na kuyapasha moto kabla ya wakati. Mafuta yaliyokwisha kupata joto hayagandamiziki tena kirahisi. Ukitaka kuyabana sana, lazima uyaanze yakiwa baridi, na hizi elektroni za moto zinaharibu mchezo kabla haujaanza.

Jamaa wa 1972 hawakuwa wajinga. Nadharia ya mambo haya ilikuwa imeanza kuandikwa tangu 1965, na walijua hatari ipo. Walichokosa ni namna ya kuiweka ndani ya LASNEX. Na hapo tunafika kwenye ukoo wa pili wa programu, ambao ulikuwa umezaliwa kabla yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Oscar Buneman alikuwa tayari anaiga plazima kwa kufuata chembe zake mojamoja kwenye kompyuta. Mwaka 1962 John Dawson, akiwa Princeton, alichapisha muundo wa plazima ya kipimo kimoja, ambapo chembe ni kama karatasi bapa zenye chaji zinazopishana. Ned Birdsall wa Berkeley ni wa tatu katika safu hiyo ya waasisi. Kutokana na kazi zao ilikua mbinu ambayo mpaka leo ndiyo farasi wa kazi hii: chembe ndani ya vyumba.

Mzunguko wake ni mzuri mno kwa mtu anayependa msimbo. Unaweka chembe zako, kila moja ikiwakilisha kundi kubwa la elektroni halisi. Unagawa chaji ya kila chembe kwenye pembe za chumba ilimo. Unakokotoa uga wa umeme na sumaku kwenye gridi. Unarudi kwa kila chembe, unasoma uga mahali ilipo, unaisukuma hatua moja mbele. Halafu unaanza upya. Ukurasa mmoja wa msimbo unatosha kwa kipimo kimoja, sifanyi utani. Na Raman haumo ndani yake kama kanuni. Hukuandika popote kwamba mwanga utarudi nyuma. Unaendesha, na mwanga unarudi.

William Kruer, mwanafunzi wa Dawson, alihamia Livermore mwaka 1972, mwaka uleule wa makala. Bruce Langdon alikuwa huko pia, akitoka kwenye kundi la Birdsall, na yeye na Barbara Lasinski waliandika programu ya chembe iliyoitwa ZOHAR. Kwa hiyo chini ya paa moja palikuwa na LASNEX, iliyojua kidonge kizima lakini haikujua mawimbi, na ZOHAR, iliyojua mawimbi lakini ilikaa ndani ya kipande kidogo kuliko unene wa unywele.

Kwa nini wasiziunganishe? Fanya hesabu pamoja nami, kwa vipimo vya majaribio ya baadaye. Mwanga wa leza una wimbi la nanomita 351. Kidonge kinakaa ndani ya kikopo cha dhahabu chenye urefu wa karibu milimita 10 na upana wa kama milimita 5. Ukitaka vyumba 10 tu kwa kila wimbi, unahitaji vyumba kama 285,000 kwa urefu na 142,000 kwa kila upana. Zidisha: karibu trilioni 6,000. Weka chembe mia katika kila chumba. Halafu hatua ya saa lazima iwe ndogo kuliko mtikisiko mmoja wa mwanga, na katika mpigo wa nanosekunde 20 mwanga unatikisika mara milioni 17. Tena huwezi kudanganya kwa kupanua vyumba: chumba kikiwa kipana mno, plazima inaanza kujipasha moto yenyewe, joto la uongo linalotokana na gridi. Hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kufanya hivyo mwaka 1975. Hakuna aliye nayo leo.

Basi wakafanya kile ambacho kila mwandishi wa programu amewahi kufanya akibanwa na siku ya kukabidhi kazi. Waliweka namba kwa mkono. Ndani ya LASNEX unaweza kusema: asilimia kadhaa ya nishati, ifikapo mahali fulani, igeuke elektroni za moto zenye joto fulani. Asilimia na joto vilitoka kwa ZOHAR au kwenye majaribio. Kulikuwa na namba nyingine ya kuzuia joto lisitiririke kupita kiasi, nayo ilirekebishwa mpaka matokeo yafanane na yaliyopimwa. Namba hizo zilikuwa na msingi na si za kubahatisha. Lakini zilikuwa kweli kwa majaribio yaliyozizaa, na kila leza mpya ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

Shiva ilikuwa ya kwanza kulipa deni hilo. Ilikamilika 1977, miale 20, ndiyo maana ikapewa jina la mungu wa Kihindu mwenye mikono mingi. Ilitoa kilojuli 10 za mwanga wa infraredi, wimbi la mikromita 1.06. Elektroni za moto zilijaa tele, na mafuta hayakugandamizika kama ilivyotakiwa. Somo lilikuwa wazi: kwa infraredi, mlango huu umefungwa. Kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo mwanga unavyozitikisa elektroni kwa nguvu, na ndivyo mlio unavyoanza mapema.

Dawa ilitoka kwingine. Mnamo 1980, watu wa maabara ya leza ya Rochester, New York, walionyesha njia nzuri ya kupitisha infraredi kwenye fuwele na kuitoa ikiwa na wimbi fupi mara tatu, urujuanimno wa nanomita 351. Nova, iliyoirithi Shiva, ilifunguliwa 1984 ikiwa na miale 10 na fuwele hizo. Elektroni za moto zilipungua sana. Katika hadithi nzima hii, kwangu mimi huu ndio uamuzi bora zaidi uliofanywa, na haukuhitaji kompyuta kuu. Kama huwezi kukokotoa tatizo, badilisha rangi ya mwanga uende mahali ambapo tatizo ni dogo.

Nova ilifanya kazi hadi 1999. Katika miaka hiyo ya 1990 Livermore waliandika programu ya aina ya tatu, pF3D, iliyokaa katikati ya zile mbili. Haina chembe. Inafuata mwanga kama wimbi linaloelekea mbele, na plazima kama majimaji yenye kuongezewa fizikia ya mawimbi. Kwa njia hiyo iliweza kufuata mwale katika njia yake ndani ya kikopo, milimita kadhaa, jambo ambalo chembe hazikuweza hata kuota.

Halafu siasa ikaingia. Tarehe 23 Septemba 1992 Marekani ililipua bomu lake la mwisho la majaribio chini ya ardhi huko Nevada. Tangu hapo, imani yao kwamba silaha zao zinafanya kazi inategemea majaribio ya maabara na programu za kompyuta, jamii ileile ya LASNEX. NIF, leza ya miale 192 iliyoanza kujengwa 1997 na kukamilika 2009 kwa gharama ya kama dola bilioni 3.5, ilipata fedha hasa kwa sababu hiyo: kuzipima programu hizo kwa kitu halisi. Nishati safi kwa wote ilikuwa habari nzuri ya magazetini. Kwa hiyo swali la programu imeacha nini nje halikuwa tena la wasomi peke yao.

Mwaka 2008, wakati NIF inamaliziwa, kulitokea kitu ninachokipenda sana. Huko Los Alamos iliwashwa Roadrunner, kompyuta ya kwanza duniani kuvuka petaflopi moja. Nguvu yake kubwa ilitoka kwa prosesa zaidi ya 12,000 za ukoo wa Cell, ndugu wa ile iliyo ndani ya PlayStation 3, mashine ambayo vijana wetu walikuwa wakiilipia kwa dakika kwenye vibanda vya mtaani. Programu ya chembe iitwayo VPIC, iliyoandikwa na Kevin Bowers na wenzake, iliandikwa upya kwa ajili ya prosesa hizo. Waliiga Raman kwa chembe trilioni moja, kwa kasi ya petaflopi 0.374. Walitumia namba za biti 32 kwa makusudi, kwa sababu tatizo lao halikuwa usahihi wa desimali ya kumi na tano. Lilikuwa kuhamisha data kutoka kumbukumbu hadi prosesa bila kuchelewa.

Na chembe trilioni moja zilitosha nini? Mwale wa leza hauna mng'ao sawa kila mahali. Umejaa vidoa ving'avu vyenye upana wa mikromita chache. Mashine yenye nguvu kuliko zote duniani iliweza kuiga, kwa vipimo vyote vitatu, eneo la kidoa kimoja kwa muda mfupi mno. Miale 192 ina vidoa visivyohesabika.

Kampeni ya kuwasha mafuta ilianza 2009, na mwanzo ulikuwa wa kuvutia. Miale inapopishana kwenye tundu la kikopo, inaweza kupeana nishati kupitia mawimbi ya ioni, jambo ambalo Kruer na wenzake walikuwa wamelitabiri mwaka 1996. Pierre Michel alikokotoa kwamba ukiitofautisha rangi ya miale ya ndani na ya nje kwa kiasi kidogo mno, unaweza kuamua nani anampa nani. Wakajaribu. Kidonge kilichokuwa kikibanwa kama chapati kikawa cha mviringo. Adui amefanywa kibarua!

Lakini miale ya ndani, ikiwa na nguvu zaidi, ililisha Raman. Kwa jumla sehemu kama ya saba ya nishati yote ilikuwa ikirudi nyuma. Na namna ya kuiga hali hiyo ilikuwa hivi, wasomaji wangu, mtaitambua: endesha programu kubwa, HYDRA au LASNEX, toa faili la hali ya plazima, lipeleke kwenye programu nyingine ikokotoe miale imepeana kiasi gani, punguza mwanga uliopimwa ukirudi, rudisha namba kwenye programu kubwa, kisha zidisha nguvu ya leza kwa tarakimu iliyochaguliwa ili mawimbi ya mshtuko yafanane na yaliyopimwa. Tarakimu hiyo ilikuwa chini ya moja. Yaani ili programu iseme kweli, ilibidi uidanganye kwamba leza ni dhaifu kuliko ilivyo.

Septemba 2012 kampeni iliisha bila moto kuwaka. Mazao ya nyutroni yalikuwa chini ya utabiri mara 3 hadi 10. Si haki kuyabebesha mawimbi lawama yote. Ganda la kidonge lilikuwa likichanganyika na mafuta, na hata utando mwembamba ulioshikilia kidonge ulileta madhara. Ila kama hujui ni nishati kiasi gani imefika upande gani, huwezi kuyatenganisha makosa hayo.

Kilichofuata ni kama kisa cha Shiva kurudiwa. Kwa nini plazima nyingi kikoponi? Kwa sababu walijaza heli ili kuizuia dhahabu isifurike ndani. Kwa nini heli ilihitajika? Kwa sababu mpigo ulikuwa mrefu. Wakabadilisha ganda kutoka plastiki hadi almasi, ambayo ni nzito na inaruhusu mpigo mfupi. Mpigo ukiwa mfupi, dhahabu haina muda wa kufurika, na heli inaweza kupunguzwa hadi miligramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo, kutoka 1 na zaidi. Mwanga uliorudi ukashuka hadi kiasi kidogo. Hapo programu kubwa zikaanza kusema kweli, kwa kuwa zilipelekwa mahali ambapo kile zisichokijua hakina nguvu. Mwaka 2017 David Strozzi na wenzake walichapisha toleo ambalo kupeana nishati na Raman vimeingizwa ndani ya programu kubwa yenyewe, bila ile safari ya mafaili. Na ule ujanja wa rangi mbili ukarudi kazini kuuweka mviringo sawa.

Tarehe 8 Agosti 2021 zilitoka kama megajuli 1.3. Desemba 2022 zikatoka zile 3.15. Tusipoteze vipimo: hiyo haifiki hata uniti moja ya tokeni ya stima, ambayo ni megajuli 3.6. Na kuichaji leza kwa mpigo mmoja kulichukua kama megajuli 300 kutoka kwenye waya, sawa na uniti 83. Kituo cha umeme bado kiko mbali sana.

Mpaka leo kikopo kizima hakijaigwa chembe kwa chembe. Mipango ya sasa ni kuiongezea NIF nguvu, na nguvu zaidi ni mwanga zaidi ndani ya plazima zaidi, kwa hiyo Raman hajaaga.

Ukitaka kumwona mwenyewe, msimbo wa VPIC uko wazi kwa yeyote kuupakua, na kuna nyingine kama EPOCH kutoka Uingereza ambayo ni rahisi kuanza nayo. Anza na kipimo kimoja: mikromita mia za plazima, leza upande wa kushoto, na kipimo cha mwanga unaorudi upande huohuo. Laptopu ya kawaida inatosha, ukiwa na subira ya saa moja au mbili. Kwa muda mrefu grafu inakaa chini, bapa, yenye kutetemeka kidogo kwa kelele za chembe. Halafu inapanda.